Sura ya 6: Jicho na Maumivu Visipopatana

Katika foleni ya zahanati yoyote, iwe Masasi, Kilifi au Bukoba, magonjwa ya ngozi hayakosekani, na karibu yote yanajulikana: upele wa kuwasha uliozunguka nyumba nzima, choa vichwani mwa watoto wa shule, pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko, majipu, vipele vya joto. Tabibu mzoefu huyatambua kabla mgonjwa hajakaa vizuri kitini. Kasi hiyo haiepukiki, maana nje kuna benchi zima la watu wanaosubiri. Lakini ni kasi hiyohiyo inayompitisha mgonjwa mmoja ambaye hakupaswa kupitishwa. Ugonjwa adimu na mzito haumtengi mtu na wenzake. Humkalisha kwenye benchi lilelile, na siku za mwanzo hufanana na choa, na jipu, na mzio wa sabuni mpya.

Kati ya alama zote zinazoweza kumsimamisha tabibu asipite haraka, ninayoiamini kuliko zote ni kutopatana kwa jicho na maumivu. Kidonda kikubwa kilichochimbika kingo kinapaswa kumuuma mtu. Ngozi inayoonekana nzima haipaswi kumliza mtu mzima akiguswa na shuka. Vitu hivi viwili vikipingana, ngozi ikauma kuliko inavyoonekana au ikakataa kuuma pale inapostahili, kuna jambo chini yake, na mgonjwa huyo asiondoke na tyubu ya krimu. Alama hii haihitaji umeme wala maabara. Inahitaji kuuliza na kugusa.

Ina faida nyingine kwetu. Vitabu vingi vya ngozi vilivyotumika kufundishia Afrika viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na neno linalojirudia humo ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi, kinachoitwa wekundu huwa zambarau, au hudhurungi iliyokolea, au kijivu. Pengine rangi haibadiliki kabisa, ila ngozi inang'aa, imekaza, na ina joto kiganjani mwako. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma St George's mjini London, alitoa pamoja na walimu wake wawili kijitabu kiitwacho Mind the Gap, chenye picha za dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na za maji ya kunde. Kilipokelewa kwa shangwe, na kilistahili. Moshi, hata hivyo, ilikuwa imeianza kazi hiyo mapema. Tangu 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwachukua maafisa tabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuwafundisha kwa wagonjwa wa hapahapa. Uamuzi wa kuwafundisha maafisa tabibu badala ya kungoja madaktari bingwa naona ulikuwa wa busara kubwa, kwa sababu hao ndio mgonjwa anaokutana nao kwanza.

Tuanze na ngozi inayouma kupita kiasi.

Mama mmoja, tuseme ana miaka thelathini, amekuja na homa ya siku mbili, macho yanachoma, koo linauma. Kifuani na usoni ana madoa meusi yaliyotapakaa, ambayo yangeweza kuwa surua au mzio. Tabibu akiuliza kama yanawasha, mama anatikisa kichwa: "Hayawashi, daktari. Yanauma. Hata kanga inaniuma." Jibu hilo lina thamani kuliko vipimo vingi. Upele wa kawaida unaosababishwa na dawa huwasha. Unaouma, ukiwa na homa na macho mekundu, ni wa kuogopwa hadi uthibitike vinginevyo.

Ugonjwa huo ulielezwa kwanza mwaka 1922 na madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, waliowaona wavulana wawili wenye homa, vidonda vya kinywa na macho yaliyoharibika vibaya. Mwaka 1956 Alan Lyell, daktari Mskoti, alieleza wagonjwa ambao ngozi yao ilibanduka kama waliomwagiwa maji ya moto. Leo tunajua kwamba magonjwa hayo mawili ni mmoja wenye viwango. Ngozi ikibanduka chini ya asilimia 10 ya mwili unaitwa kwa jina la Stevens na Johnson. Ikizidi asilimia 30 ni ule wa Lyell. Katikati yake ni mchanganyiko. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1, kwa hiyo hesabu inafanyika palepale kitandani. Kinachotokea ndani ni kwamba chembe za kinga za mwili, zikiwa zimechokozwa na dawa, zinaziua chembe za ngozi ya juu kwa wingi, na tabaka zima linakosa pa kushika. Ukiisukuma kwa kidole ngozi inayoonekana nzima, inateleza na kuchubuka. Alama hiyo ina jina la Pyotr Nikolsky, daktari wa ngozi wa Kirusi wa mwishoni mwa karne ya 19, na inaonekana pia kwenye baadhi ya magonjwa mengine ya malengelenge.

Dawa zinazohusika sana si nyingi, na karibu zote zinapatikana katika wilaya zetu: septrini na jamaa zake za salfa, nevirapini, dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini, na alopurinoli ya jongo. Afrika Mashariki ina historia yake chungu hapa. Dawa ya thiasetazoni ilitumika kwa miaka mingi dhidi ya kifua kikuu kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. VVU ilipoingia, wagonjwa walianza kubanduka ngozi. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watano wenye VVU waliotibiwa kwa dawa hiyo walipata madhara ya ngozi, ilhali kwa wasio na virusi ilikuwa karibu mmoja kati ya mia. Baada ya hapo dawa hiyo iliondolewa kwenye matibabu ya wenye VVU. Nevirapini nayo ilibidi ianzwe kwa miligramu 200 mara moja kwa siku kwa siku 14 ndipo ipandishwe kuwa mara mbili, na sababu kubwa ilikuwa ngozi.

Mara nyingi madhara haya huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianzwe. Kwa dawa chache huchukua hadi wiki nane. Hivyo dawa ambayo mtu ameimeza miaka mitatu bila shida si mshukiwa wa kwanza, na aliyoianza jana usiku kwa ajili ya homa hiihii pengine si yenyewe pia. Swali linalofaa ni, "Mama, katika wiki nane zilizopita umeanza dawa gani mpya?" Kisha liulizwe tena kwa njia nyingine, kwa sababu watu wengi wakisikia neno dawa hufikiria za hospitali tu. Vidonge vya dukani, sindano ya jirani aliyewahi kuwa muuguzi, mizizi ya kuchemsha, kidonge alichogawiwa na shemeji: hivyo havitajwi mpaka viulizwe kimojakimoja.

Hatari inayonitia hofu zaidi iko hapa. Homa, koo na macho mekundu vinapotangulia upele kwa siku moja au mbili, mgonjwa anaonekana ana mafua makali au koo lenye usaha, na anaandikiwa dawa nyingine. Ikiwa dawa hiyo ni septrini, na septrini ndiyo iliyoanzisha moto, tumeongeza kuni. Tiba ya kwanza, na iliyo muhimu kuliko zote, ni kuisimamisha dawa inayoshukiwa siku hiyohiyo. Baada ya hapo mgonjwa anatunzwa kama aliyeungua: maji mwilini, joto, chakula, usafi, shuka laini, bila plasta za kunata. Macho yanahitaji kuonwa mapema na mtaalamu wa macho, kwani kope zinaweza kushikana na mboni, na wapo waliopona ngozi wakabaki vipofu. Kati ya wenye kiwango cha juu kabisa, takriban mmoja kati ya watatu hufariki, hata katika hospitali zenye vifaa.

Ugonjwa wa pili wa maumivu makali unakwenda kwa saa, si kwa siku. Mgonjwa amejikwaruza mguuni, au ana kisukari, au ni mtoto aliyekuwa na tetekuwanga wiki iliyopita. Mguu umevimba kidogo, una joto, ngozi juu yake karibu iko sawa, lakini mgonjwa analia, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio kuliko homa inavyoeleza. Bakteria hawako kwenye ngozi. Wanasafiri chini yake kwenye utando unaofunika misuli, wakiua mishipa ya damu njiani. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, andika saa, rudi baada ya muda mfupi. Uvimbe ukiuvuka mpaka huo, mgonjwa anahitaji upasuaji usiku huohuo. Antibiotiki peke yake haitoshi. Baadaye yanakuja malengelenge meusi, na ngozi inatoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza kwa sababu ya gesi. Kisha maumivu yanakwisha. Ndugu hushukuru wakidhani dawa imefanya kazi, kumbe mishipa ya fahamu ya eneo hilo imekufa.

Mkanda wa jeshi nao huuma kabla ya kuonekana, upande mmoja wa mwili, na wengi wameutibu kama kichomi kwa siku tatu kabla malengelenge hayajatoka. Kwa kijana, ni sababu tosha ya kushauri kipimo cha VVU. Malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, jicho la upande huo liko hatarini. Alama hiyo imepewa jina la Jonathan Hutchinson, tabibu wa London wa karne ya 19, ambaye tutakutana naye tena kidoleni.

Sasa tugeuze upande wa pili, kwa ngozi iliyokataa kuuma. Hapa adui mkubwa ni shukrani ya mgonjwa mwenyewe. Kisichouma hakimpeleki mtu hospitali, na akifika huko hakitaji hadi mwisho, akiwa ameshika mlango.

Mwaka 1897, Albert Cook, daktari wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika juu ya vidonda vikubwa vya aina yake kwa wagonjwa wa Uganda. Nusu karne baadaye, mwaka 1948, Peter MacCallum na wenzake huko Australia walimtambua kimelea anayevileta, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma. Jina lililobaki, hata hivyo, ni la Uganda: kidonda cha Buruli, kutokana na eneo la Buruli karibu na mto Nile ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Huanza kama kinundu kigumu chini ya ngozi, au uvimbe mpana, mara nyingi mguuni au mkononi, kisha hupasuka. Kidonda kina kingo zilizochimbwa kwa chini, hivi kwamba kijiti cha pamba kinaingia chini ya ngozi iliyoonekana nzima. Mtoto anacheza nacho. Bakteria huyu hutengeneza sumu iitwayo mikolaktoni, ambayo inaua mafuta yaliyo chini ya ngozi, inazima kinga ya mwili na inanyamazisha maumivu kwa pamoja. Zamani tiba ilikuwa kukata sehemu kubwa ya ngozi na kupandikiza nyingine. Siku hizi ni rifampisini na klarithromisini kwa wiki nane, na kinundu kilichowahiwa kabla ya kupasuka kinaweza kupona bila kisu.

Kwenye nyayo kuna jambo jingine. Saratani ya chembe zinazotia ngozi rangi ni adimu kwa watu weusi, na kwa sababu hiyo watu wengi, hata wenye elimu ya afya, wanaamini haituhusu. Inapotupata, hupenda mahali pasipo na jua: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley aliambiwa mwaka 1977 kwamba doa la chini ya ukucha wa kidole chake kikubwa cha mguu lilikuwa saratani hiyo. Awali lilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Michirizi myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu wazima wenye ngozi nyeusi na haihitaji hofu. Mchirizi mmoja tu, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka na kingo zake hazijanyooka, huo ni tofauti, hasa weusi ukivuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Alama hiyo ya pili ndiyo ile niliyoiahidi ya Hutchinson. Damu iliyovia kwa kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, na ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kujibadilisha. Weusi usiosogea ukatwe kipande kipimwe. Na kidonda cha unyayoni ambacho mgonjwa anakiita mwiba wa mwaka jana kipimwe pia.

Saratani iliyoelezwa na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872 ilikuwepo Afrika Mashariki na ya Kati kabla ya VVU, na VVU iliifanya ya kawaida. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore walikitambua kirusi chake. Kwenye vitabu vya ngozi nyeupe madoa yake ni ya zambarau. Kwetu mara nyingi ni meusi tu, magumu, yasiyowasha wala kuuma. Mguu unaweza kuvimba ukawa mgumu kama mti, ukapewa dawa ya matende. Washa tochi, mwambie mgonjwa afungue kinywa, tazama kaakaa. Doa la zambarau pale juu limewaeleza matabibu wengi kile mguu ulichoficha.

Kabla sijafika kwenye ukoma, lazima niseme neno juu ya krimu. Krimu zenye steroidi kali zinauzwa madukani bila cheti, peke yake au zikiwa zimechanganywa na dawa ya fangasi na antibiotiki, na wengine wanazitia kwenye mkorogo wa kujichubua. Kwa alama tunayoifuata katika sura hii, hizi ni sumu maradufu: zinatuliza mwasho na maumivu, na zinafuta sura ya ugonjwa. Choa kilichopakwa miezi mitatu hakina tena ukingo wa duara. Uliza jina la tyubu, au mwombe mgonjwa ailete.

Ukoma ndio mwalimu mkuu wa somo hili. Gerhard Armauer Hansen alimwona kimelea wake huko Bergen, Norwe, mwaka 1873, na tangu 1981 WHO imependekeza mchanganyiko wa dawa unaouponya: siku hizi ni miezi 6 kwa wenye vimelea wachache, 12 kwa wenye wengi, bila malipo. Hata hivyo mwaka 2023 dunia iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 170,000, na Tanzania na Kongo bado zina sehemu yao. Kimelea hukua taratibu mno. Kati ya kuambukizwa na doa la kwanza kwa kawaida hupita miaka mitano, pengine ishirini. Hukaa ndani ya mishipa ya fahamu, na hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: ndewe za masikio, pua, na mishipa inayopita karibu na ngozi kwenye kiwiko na chini ya goti.

Baka la ukoma limepauka, halijawa jeupe kabisa. Mara nyingi ni kavu, halitoi jasho, vinyweleo vimepungua. Haliwashi. Linapewa mafuta ya Whitfield, kana kwamba ni fangasi, miezi na miezi, na mgonjwa haoni haja ya kurudi kwa kitu kisichomsumbua. Chukua uzi wa pamba, umfundishe kwanza mgonjwa kwenye ngozi nzima huku anatazama, kisha mwambie, "Baba, funga macho, unionyeshe kwa kidole kila ninapokugusa." Akikosa kuonyesha katikati ya baka mara kwa mara, umekwisha kupata jibu. Usikandamize pamba wala kuiburuta, maana atahisi msukumo, na ganzi itajificha. Kisha shika kiwiko kwa nyuma, utafute mshipa unaopita kwenye kijishimo cha ndani, uulinganishe na wa upande wa pili. Ulionenepa unajulikana kwa vidole. Hapa pia uso wa mgonjwa utazamwe wakati unapogusa: akikunja uso, mshipa una moto.

Ndivyo ugonjwa usiouma unavyoweza kugeuka ghafla kuwa unaouma sana. Katikati ya matibabu, au hata baada ya kuyamaliza, kinga ya mwili inaweza kuamka na kuwashambulia vimelea, hai au wafu, waliomo kwenye mishipa. Mabaka yaliyokuwa kimya yanavimba na kuwa ya moto, kiwiko kinauma usiku, mkono unaanza kudondosha kikombe. Mgonjwa anadhani dawa zimemdhuru na anaziacha. Jirani anasema ukoma umerudi. Dawa za ukoma zinaendelea, na prednisoloni inaongezwa mara moja kwa wiki kadhaa, kwa sababu ganzi na udhaifu wa chini ya miezi sita unaweza kurudishwa, na wa muda mrefu zaidi mara nyingi haurudi. Kwa baadhi ya wagonjwa mshipa hufa bila maumivu yoyote, kwa hiyo kutouma kwake kusimpumzishe mtu. Kila mwezi mgonjwa anapokuja kuchukua pakiti yake mpya, apimwe tena: akaze kope, atanue kidole cha mwisho cha mkono dhidi ya kidole chako, ainue mguu kwa kisigino, na uzi wa pamba upite kwenye viganja na nyayo. Matokeo yaandikwe kwenye kadi kando ya yale ya mwezi uliopita.